Sisimizi Juu ya Ua la Boga

Scholastica Wegesa alikuwa na kanuni moja katika uchoraji wake, na aliishika kwa miaka thelathini na mitano: hakuchora ua ambalo halikuwa mbele ya macho yake. Aliivunja mara moja tu, kwa siku tisa, kwa ajili ya mdogo wake. Habari za siku hizo na za yaliyofuata zimetoka kwake mwenyewe, kwa huyo mdogo wake, na kwa wanawake wawili walioshuhudia. Pale wanapotofautiana, nimeonyesha.

Alizaliwa Nyangoto, wilayani Tarime, wakati wa kuvuna ulezi, na jina la Wegesa linatokana na mavuno hayo. Cheti chake cha ubatizo kinataja mwaka 1956. Yeye anaamini ni mapema zaidi. Mdogo wake alizaliwa miaka minane baadaye, naye katika mavuno, akaitwa Mogesi, na kanisani Sylvester. Mama yao hakuumaliza mwaka ule. Wegesa alimbeba mtoto mgongoni kwenda kisimani, shambani na kwenye ibada, hata wanawake wa kitongoji wakawa wanamtania kwamba ameota kibyongo chenye miguu.

Mwaka 1971 baba yao alimpeleka katika misheni moja iliyokuwa upande wa Serengeti, ng'ambo ya Mugumu, akafanye kazi jikoni na kujifunza kushona. Mwuguzi wa zahanati ya pale alikuwa Mholanzi, Sista Aleida. Katika chumba cha kulia chakula, Sista alikuwa ametundika picha iliyochapwa, ambayo kaka yake alimtumia kutoka kwao: shada kubwa la maua ndani ya chombo cha kioo, nyuma yake giza. Kila Jumamosi, kwa miaka minne, kazi ya Wegesa ilikuwa kuifuta vumbi. Anaikumbuka hata leo kama mtu anavyokumbuka sura ya bibi yake. Kulikuwa na waridi lililoinamisha kichwa. Kulikuwa na ua refu jeupe lenye michirizi myekundu kama nyama iliyochanjwa. Mezani zilianguka petali tatu, kando yake saa ya mfukoni iliyofunguliwa, na juu ya jani moja palikuwa na kiwavi akila.

“Sista, maua haya yanaota wapi pamoja?” aliuliza siku moja.

“Hakuna mahali.”

Sista Aleida akamweleza kwamba lile la michirizi huchanua baridi inapoisha, na waridi huja miezi kadhaa baadaye, wakati la kwanza limekwisha kurudi kuwa kitunguu ardhini. Wachoraji wa kale wa Uholanzi walingoja. Walichora kila ua lilipofika zamu yake, kisha wakayakusanya kwenye picha moja. Chombo kile cha maua hakikuwahi kusimama juu ya meza ya mtu yeyote.

“Kwa hiyo ni uongo?”

“Kila ua ni la kweli. Shada ndilo halikuwepo.”

“Na huyu mdudu? Si mchoraji angemfukuza?”

“Alikuwepo,” Sista akasema. “Amfukuze kwa nini?”

Siku nyingine Sista alimsimulia kwamba watu wa nchi yake waliwahi kununua kitunguu kimoja cha ua kama lile kwa bei ya nyumba, kwamba michirizi waliyoipenda hivyo ilikuwa ni ugonjwa wa lile ua, na kwamba asubuhi moja ya baridi wanunuzi hawakutokea na vitunguu vikawa vitunguu tu. Wegesa alicheka hadi akashika tumbo. Alidhani anataniwa. Nani auze nyumba yake kwa ajili ya kitu kilichofukiwa ardhini?

Aliolewa mwaka 1975. Ndoa haikupata mtoto, na mwaka 1978 alirudi kwa baba yake. Kwa desturi ya pale binti hagawiwi ardhi, lakini mzee alimwonyesha pembe ya mji wake, ndani ya boma, karibu na uzio wa katani, akamwambia ajenge, hakuna atakayemuuliza. Wegesa alijenga nyumba ya miti na udongo, na kwenye ukuta unaotazama mashariki akachora nyungu kubwa nyeusi. Kisha akangoja.

La kwanza lilikuwa ua la boga, kwa sababu lilikuwa limechanua mlangoni. Alilichora kwa udongo wa manjano uliolainishwa kwa uteute wa mlenda ili ushike, na kwa kuwa sisimizi mmoja alikuwa akipanda kwenye petali ya kushoto, alimchora naye, kwa masizi, kwa ncha ya mwiba. Mwaka uliofuata alichora ua la pamba mara mbili, kwa kuwa asubuhi ya kwanza lilikuwa la rangi ya maziwa na kesho yake limekuwa la waridi, naye hakutaka kulidhulumu. Kwa ajili ya ua la kahawa alitembea siku nzima hadi milimani, akafika limekwisha kunyauka. Likaendelea kumdai miaka miwili mingine, hadi alipoliwahi. Katani huchanua mara moja katika uhai wake, kisha hufa. Aliingojea miaka kumi na mmoja. Ilipopandisha mlingoti wake, aliketi chini yake siku tatu na majivu, chokaa ya mtoni na majani yaliyopondwa, na majirani wakapita wakimpa pole kama aliyefiwa.

Jambo moja kuhusu ukuta ule ni lazima lieleweke. Kila mwaka, mvua za masika zikiisha, wanawake hukandika kuta zao upya kwa udongo na samadi. Wegesa alikandika kuzunguka maua bila kuyafunika. Tabaka juu ya tabaka, ukuta uliendelea kunenepa na maua yakabaki pale pale, kila moja ndani ya kishimo chake. Kufikia mwaka 2013 ua la boga lilikuwa limezama kina cha pingili nzima ya kidole. La katani, theluthi mbili ya hapo. Ya miaka ya karibuni yalikuwa karibu sawa na uso wa ukuta. Aliyeupapasa kwa subira angeweza kuisoma miaka yake kwa vidole.

Kufikia wakati huo Nyangoto ilikuwa imekwisha kuwa mahali pengine. Wachimbaji walikuwa wamefurika tangu mwishoni mwa miaka ya themanini, wakatoboa vilima kwa mashimo waliyoyaita maduara, na Wegesa aliwapikia uji. Baadaye ulikuja mgodi mkubwa, na mgodi ukikua huhitaji nafasi. Ilipotangazwa kwamba eneo la kitongoji chao litathaminiwa ili watu wahamishwe, kazi ya watu wengi ikawa kutegesha. Neno hilo lilieleweka na kila mtu: kusimamisha vibanda usiku na mchana na kupanda miche iliyosongamana, ili wathamini wakija wakute mali. Wathamini nao hawakuwa watoto. Walianza kutafuta dalili za maisha. Basi watu wakachoma nyasi mbichi ndani ya vibanda ili kuta zipate masizi ya jikoni. Wakasugua vizingiti kwa mawe. Kuna mlango mmoja mkongwe wa mninga ambao, kwa hesabu ya mjumbe mmoja wa zamani, ulikodishwa na nyumba tano kwa wiki moja, ukitembea kichwani mwa watu.

Sylvester Mogesi alikuwa wakala wa forodha Sirari, mtu wa suruali yenye kunyooka na simu mbili. Alirudi nyumbani na lori la mabati. Nyuma ya nyumba ya matofali aliyoijenga zamani katika mji wa baba yao, alisimamisha vibanda kumi na vinne, akaviandikisha kwa majina ya watu mbalimbali. Kisha alikwenda kwa dada yake.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Umekonda.”

“Ni safari tu. Dada, nataka unichoree maua kama haya. Nyumba kumi na nne.”

Wegesa alicheka. “Mogesi, hii moja imenila miaka thelathini na mitano. Kumi na nne utanifuata kunidai kaburini.”

“Kwani lazima ungoje? Si yako kichwani?”

“Yaliyo kichwani si maua.”

“Wacha hizo. Kibanda kitupu wanakijua. Lakini nyumba yenye maua, nani atasema haina mwenyewe? Wathamini wanafika baada ya siku tisa. Wewe ulinibeba miaka mingapi mgongoni? Leo siku tisa zinakushinda?”

Nilipomuuliza Wegesa kwa nini alikubali, alimaliza kwanza kufunga fungu la mboga alilolishika. Kisha alisema: “Hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimchoree.”

Alichora kuanzia alfajiri hadi giza. Mkono ulikwenda wenyewe, na uliporudi kwenye nyungu nyeusi na ua la boga, uliweka kila kitu pale ulipozoea kukiweka. Teresia, jirani yake wa miaka mingi, aliyekuwa na vibanda vyake vitatu, alimwita kutoka upande wa pili wa uzio.

“We Wegesa! Nami nichoree. Ila ukuta wangu nichoree bila wadudu, nisije nikalipwa nusu.”

“Wadudu ni wa Mogesi. Wewe nitakuchorea jogoo.”

“Jogoo atahesabiwa?”

“Akiwika.”

Walicheka. Wegesa anasema alifurahi siku zile, na kwamba hilo ndilo linalomchoma zaidi kuliko yote. Siku ya tisa alirudi kwake usiku, mikono imepasuka kwa chokaa, akalala bila kula.

Kilichokuwa mizani kwa kila mtu kilikuwa ni neno moja kwenye fomu. Aliyeandikwa mkazi angepewa kiwanja na nyumba mahali pengine. Aliyeandikwa mtegeshaji angepewa muda wa kuondoka. Wegesa hakuwa na wasiwasi. Nyumba yake ilikuwa nyumba.

Mthamini aliyefika alikuwa kijana mpole mwenye kamera shingoni. Katika kibanda cha kwanza aliyasifu maua. Katika cha pili aliyapiga picha tu. Katika cha tano alirudi nyuma hatua chache, akafungua picha alizokwisha kupiga, akazikuza kwa vidole. Vibanda vilivyobaki alivipita haraka, kila kimoja akitazama mahali pamoja tu. Alipofika kwa Wegesa, nyuma yake wameandamana Mogesi na watu wengine kadhaa, alikwenda moja kwa moja kwenye ua la boga na kuinama.

“Shikamoo, mama. Sisimizi huyu amehama sana. Nimemkuta nyumba kumi na nne, petali ile ile ya kushoto.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye wa kwanza.”

“Kila mtu ananiambia ya kwake ndiyo ya kwanza.”

“Wale niliwachora wiki hii. Huyu nilimchora mwaka sabini na nane.” Hakuficha, anasema hakufikiri kwamba ukweli huo ungeweza kumdhuru. “Weka kidole.”

Kijana aliweka kidole. Kikazama hadi pingili. Akakiweka kwenye ua la katani, kisha kwenye la kahawa, na Wegesa akamweleza habari za kukandika, tabaka kwa tabaka. Teresia, aliyekuwa amesimama karibu, anasema uso wa yule kijana ulibadilika, na kwamba alianza kufuta kitu kwenye karatasi yake. Kisha alisimama wima, akasema kwa sauti ya wote kwamba vibanda kumi na vinne vimekataliwa, na kwamba aliyevisimamisha atafutiwa kila alichonacho ndani ya mji ule, kizuri na kibaya.

“Nani amevisimamisha?”

Aliyejibu ni Mogesi.

“Zenye maua ni za dada. Ndiye mchoraji, kila mtu anajua. Mimi nakaa Sirari. Yangu ni ile ya matofali.”

Wegesa anasema hakuelewa mara moja. Alidhani mdogo wake anababaisha ili wapite salama, kisha atanyoosha maneno.

“Na hii?” mthamini akauliza. “Hii yenye vishimo. Wewe ni ndugu yake, umekulia hapa. Ni ya lini?”

“Weka kidole, Mogesi,” Wegesa akamwambia. “Waambie.”

Mogesi alisogea ukutani. Alikuwa na miaka kumi na minne ukuta ule ulipokandikwa mara ya kwanza. Yeye ndiye aliyechota maji. Aliweka kidole kwenye ua la boga, akakiacha pale kidogo, akakitoa na kukipangusa kwenye suruali.

“Ni mpya,” alisema. “Hivi vishimo alivichimba kwa kijiko.”

Teresia, mwenye vibanda vitatu vilivyokuwa bado havijafikiwa, hakusema neno, na hilo aliniambia yeye mwenyewe bila kuulizwa. Mthamini aliwatazama ndugu wale wawili kwa zamu, akamwuliza Wegesa kama ana shahidi mwingine. Wegesa alikuwa akimtazama Mogesi. Katika fomu ya siku ile, ambayo nakala yake niliiona, safu ya maoni ina maneno matatu: “Mpya, ya kutegesha.” Mstari unaofuata ni wa nyumba ya matofali, na hauna doa.

Mogesi nilimkuta Sirari, kwenye kibanda chake cha uwakala, akanipokea kwa heshima. Hakukanusha kwamba aliulizwa wala kwamba alijibu. “Nilikuwa na watoto sita shuleni,” alisema. “Kama wangeifuta ile ya matofali, tungekwisha sote. Dada hakuwa na mtu.” Nilimwuliza kuhusu kijiko. Alisema hakumbuki kijiko. Wegesa anakikumbuka, na Teresia anakikumbuka.

Wegesa alipewa wiki tatu. Habari za ukuta zilikuwa zimekwisha kuenea, na watu waliokuwa wakipita mbele yake miaka yote bila kugeuza shingo wakaanza kuja kuutazama. Siku ya nne alichanganya udongo na samadi, akaanzia juu. Teresia alikuja mbio.

“Wegesa, unafanya nini? Miaka yote hiyo!”

“Miaka ipi?” alijibu bila kugeuka. “Si ni ya wiki iliyopita? Nikifika niendako nitachora mingine kwa siku tisa.”

Aliziba vishimo kimoja kimoja kwa kidole gumba, vyenye kina akivirudia mara mbili mbili. Tingatinga lilipofika lilikuta ukuta wa kawaida. Wegesa hakuupiga picha, na kwa ninavyojua hakuna mtu mwingine aliyefanya hivyo. Picha za mthamini niliziomba. Niliambiwa za nyumba zilizokataliwa hazikuhifadhiwa.

Alihamia kwa Ghati, binti wa mama yake mdogo, karibu na bwawa la Manchira, wilayani Serengeti, ambako analima mboga na kuuza Mugumu. Kuta za nyumba ya Ghati zimepakwa chokaa tupu. Nilimwuliza kama angechora tena. Alisema ardhi ya pale inafaa sana kwa mchicha.

Baada ya miaka miwili Mogesi alifika, mchana, amebeba kilo nne za sukari na kitenge. Ghati alikuwepo, naye na Wegesa wanasimulia maneno yale yale.

“Dada, shikamoo.”

“Karibu, mgeni. Keti.” Akamgeukia Ghati. “Toa kile kikombe chenye kisahani.”

Mogesi aliketi. “Dada, hukuniitikia.”

“Umetoka mbali?”

“Sirari. Dada, ni mimi.”

“Sirari ni mbali. Na barabara ya huko, inapitika?”

“Inapitika.”

“Na watu wa kwenu, hawajambo?”

“Watu wa kwetu ni wewe, dada.”

“Mgeni huulizwa watu wake, usiudhike. Wazazi wako bado wapo?”

Ghati anasema chai ilikuwa imekwisha kumiminwa, na mvuke ulikuwa ukimpiga Mogesi usoni, wala hakusogeza kichwa.

“Walishafariki,” alisema hatimaye.

“Pole sana,” Wegesa akasema. “Ghati, mwongezee mgeni sukari.”

Kuhusu chai hiyo hawakubaliani. Ghati anasema aliinywa upesi, kama mtu anayeadhibiwa. Wegesa anasema aliinywa polepole hadi ikapoa. Lakini wote wawili wanasema kwamba alipoinuka, dada yake alimsindikiza mpaka barabarani, kama anavyostahili mgeni yeyote, akasimama naye hadi pikipiki ilipopatikana, na hakumwuliza atarudi lini.